Kumsoma Kamanda Kuanzia Miguuni

Baba mkwe wangu alikuja maktaba saa ya watu kusinzia, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, kama mtu anayeingia baa ya mbali na kwake. Nilimwona tangu mlangoni. Mtu unayemchemshia chai kila asubuhi humkosi hata avae gunia.

Alipita rafu za kilimo, akapita za dini, akasimama kwenye za mapishi akajifanya anachagua. Na mimi nikajifanya sijamwona. Ndivyo tunavyoishi nyumbani kwetu: vyumba vitatu, watu sita, na adabu yetu kubwa ni kutoonana.

Mwisho akaja mezani kwangu. Akakohoa.

"Mkwe."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hamjambo huku?" Kama vile hatukuagana asubuhi kwenye mlango wa choo.

"Hatujambo. Umepotea njia, au umekuja kunikagua kama nafanya kazi?"

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akainama mpaka kofia ikagusa taa yangu ya mezani. "Nina swali. Mtu akitaka kusoma habari za Kamanda. Mtu ambaye, tuseme, hajui kitu. Anaanzia wapi?"

Mimi nina diploma ya ukutubi, nimeulizwa maswali ya kila aina katika meza ile. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama tuna kitabu cha kumfanya mama mwenye nyumba asahau kodi. Lakini swali lile, kutoka kinywa kile, lilinikausha mate.

Maana Kamanda wote tunamjua. Ndiye aliyewaongoza watu mpaka nchi ikageuka. Picha yake iko kila ofisi, kila darasa, na kwenye kalenda ya jikoni kwangu, anaangalia sufuria zangu kwa uchungu. Na baba mkwe wangu, fundi bomba mstaafu, ndiye mtu wa mtaa wetu aliyekuwa naye msituni. Mtaa mzima unamwita Komredi. Alikula naye sahani moja. Alivuka naye daraja risasi zikilia. Kamanda alimwita "mdogo wangu". Mume wangu alilelewa kwa hadithi hizo kama wenzake walivyolelewa kwa maziwa. Hata wajumbe wa posa walipokuja kwetu, mshenga hakusema bwana harusi anafanya kazi gani. Alisema tu, "Baba yake ni yule aliyekula sahani moja na Kamanda," na marehemu baba yangu akasimama kuwasalimia upya. Kwa ufupi, mimi niliozwa kwa Kamanda.

"Huyo mtu anayetaka kusoma ni nani, Baba?"

"Ni mtu tu."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkwe, usinichoshe." Akavuta kiti akakaa kabla hajakaribishwa. "Mumeo ameniitia mtafiti."

Hilo nililijua. Mume wangu ni fundi umeme. Alienda kutengeneza taa za chuo kikuu, akakutana na binti mmoja anayeandika juu ya Kamanda, na kabla hajashuka kwenye ngazi alishamwahidi kwamba baba yake atamsimulia. Binti angekuja Jumamosi. Mimi nilikuwa nimeshaagizwa kufua mapazia.

"Anataka tarehe," akasema baba mkwe. "Majina ya vilima. Nani alikuwa mbele, nani nyuma. Na mimi... nimesahau."

Nimewaona watu waliosahau. Aliyesahau hutafuta: hukunja uso, huangalia dari, hupiga vidole. Mzee hakutafuta chochote. Alikuwa anaangalia mikono yake tu, ile mikono mikubwa ya kufungua mabomba.

Nikaelewa. Lakini mkwe ni mkwe. Yapo maneno ambayo mke wa mwanao hawezi kukuambia usoni, hata kama nyote wawili mnayajua.

"Hata mimi nasahau," nikasema. "Juzi nimetafuta miwani nusu siku, kumbe nimeivaa."

Akainamisha kichwa kwa shukrani, nikainuka kwenda kwenye kabati la Kamanda.

Sasa, kuanzia wapi? Kuna kile kitabu kikubwa cha wizara, kizito kama kinyongo cha jirani, ambacho kila mtu ana picha yake ndani isipokuwa aliyekosana na wizara. Kuna cha profesa mmoja, kinaanzia kwenye udongo na mvua. Mpaka Kamanda azaliwe, wewe umeshastaafu. Kuna cha watoto, Kamanda anacheka kila ukurasa, hata akiwa gerezani. Kuna cha rafiki yake wa karibu, ambacho zaidi ni habari za huyo rafiki. Na kuna kimoja chembamba, cha mwandishi wa gazeti wa zama zile. Hicho ndicho huwapa watu niwapendao. Kina mwendo, kina tarehe, na mtu anakimaliza bila kuugua.

Nilimpa hicho. Hapo ndipo palipoharibika.

Kitabu kile kilikuwa kimechakaa, na muda si mrefu kilikuwa kimerudi kutoka kwa fundi wetu wa kujalidi. Fundi yule tunamwita Msumeno. Anakaa kwenye chumba cha nyuma kinachonuka gundi. Kazi yake ni kufumua vitabu vilivyochoka, kuvipanga upya mafungu yake ya karatasi, kuvishona na kuvivisha jalada jipya. Anashona vizuri sana. Tatizo lake ni kukata. Hapendi kuona kingo za kurasa zimepishana, basi huzikata mpaka zinyooke, na zikishanyooka anazikata tena kwa raha zake tu, mpaka namba za kurasa zinabaki sakafuni.

"Fundi, unakata namba," nilimwambia siku moja.

"Namba za nini? Kwani kitabu ni nyumba kwamba posta itapotea?"

Nilicheka. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hucheka ili mazungumzo yaishe. Ndiyo maana hata siku ile sikukifungua kitabu kukikagua. Nilimpa mzee, akakitia ndani ya shati, akatoka ameshika tumbo kama mgonjwa.

Wiki ile nyumba yetu haikuwa na redio wala usingizi. Mume wangu alipaka rangi ukuta mmoja, ule utakaoonekana. Watoto walikatazwa kugusa viti. Mimi nilitoka kazini nikaingia kazini. Na baba mkwe akawa anasoma kwa siri, nyuma ya tangi la maji, na miwani yangu.

Jioni moja nikaenda kuchota maji nikamkuta, midomo inacheza kama mtoto wa shule kabla ya mtihani.

"Baba, unaendeleaje?"

"Wasomi wanaandika kwa taabu, mkwe. Mtu yuko darajani, bunduki mkononi, mara sentensi inakatika. Ukifunua ukurasa, yuko gerezani."

"Ndivyo walivyo," nikasema, huku nainua ndoo. Sikuwa na nguvu ya kufikiri. Nilikuwa na vyombo vya kuosha.

"Tena humu hachoki," akaongeza, kama anayejisemea. "Anatembea, anahutubia, anatembea tena. Hakuna mahali anapokaa chini."

"Labda alikuwa hivyo."

Alivua miwani akanirudishia. "Labda," akasema.

Jumamosi ikafika. Mtafiti alikuwa binti mwembamba, viatu vya kutembelea, begi zito, na salamu nzuri iliyomfanya baba mkwe akae wima. Mume wangu alikuwa amevaa koti la harusi yetu, ambalo siku hizi linafungika kwa matumaini tu. Jirani yetu wa kushoto alikuja kuazima chujio, akapewa chujio, akakaa nalo mapajani kama tiketi ya kuingilia.

Binti akaweka kinasa sauti juu ya meza. "Anza popote unapopenda, Baba."

Na mzee akaanza. Ningekuwa sijui, ningelia. Alitaja vilima. Alitaja tarehe moja baada ya nyingine, hakukosea. Mume wangu alikuwa anatazama uso wa binti badala ya uso wa baba yake, na kila binti alipoandika neno, yeye alitabasamu. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai, nimeegemea fremu, maana miguu yangu ilikuwa imeshaanza kulalamika tangu Alhamisi.

Mzee akafika darajani. Akawavusha watu. Kisha akasema, "Halafu wakamtia gerezani."

Kalamu ya binti ikasimama. "Samahani, Baba. Gereza lilikuwa kabla. Alitoroka gerezani, ndipo akaja kuongoza watu darajani."

"Baada," akasema mzee. Alikuwa amekariri.

"Vitabu vyote vinasema kabla."

"Dada yangu," mume wangu akaingilia, kwa ile sauti ya kumsamehe mtu mapema, "baba alikuwepo. Hivyo vitabu vilikuwepo?"

Nikaona macho ya binti yanawaka taratibu, kama jiko la mkaa lililopata upepo. "Kama ni baada," akasema, "basi alikamatwa palepale darajani. Na kama alikamatwa darajani, kuna aliyemuuza. Waliolinda daraja siku ile wawili bado wako hai. Wamepewa nishani. Itabidi niende kuwauliza walimuuza kwa nani."

"Ehe!" akasema jirani, na chujio likamponyoka mapajani. Nilimjua jirani yule. Kabla chai haijapoa, wazee wawili wenye nishani wangekuwa wasaliti mpaka sokoni.

Na hapo akili yangu, iliyokuwa imelala wiki nzima, ikaamka. Sentensi iliyokatika. Daraja, halafu gereza. Namba zilizobaki sakafuni. Msumeno! Alikuwa ameyapanga mafungu kwa kubahatisha, akashona gereza nyuma ya daraja, na mimi nikampa baba mkwe ayameze hivyohivyo.

Nifanyeje? Nikisema, namvua mzee nguo mbele ya mwanawe. Nikinyamaza, wazee wawili wanalala mashujaa wanaamka wasaliti, na siku moja kitabu cha binti yule kitaletwa kwangu nikiweke kwenye rafu kwa mikono yangu mwenyewe.

"Jamani, chai inapoa," nikasema. "Historia yenyewe haipoi."

Hakuna aliyecheka. Lakini baba mkwe aligeuka akaniangalia. Aliniangalia kwa muda, kama vile ananisoma bila miwani. Sijui aliona nini. Mimi sura yangu haijui kuficha kitu, ndiyo maana sichezi karata.

"Mkwe," akasema polepole. "Kile kitabu. Kilishonwa sawasawa?"

"Kitabu gani?" akauliza mume wangu.

Nikaliweka sinia chini. "Hapana, Baba. Nadhani fundi wetu alichanganya. Gereza alilishona nyuma ya daraja."

"Na namba?"

"Alizikata."

Mzee akashusha pumzi. "Nami nikadhani ndivyo wasomi wanavyoandika."

"Kitabu gani?" mume wangu akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Baba, kitabu cha nini? Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Binti akanyoosha mkono kuzima kinasa sauti. Adabu yake ilinigusa. Lakini mzee akamzuia. "Kiache, mwanangu. Nimechoka kurudia. Hili nataka niliseme mara moja."

Akajiegemeza. Akaanza, na haikuwa ile sauti ya vilima na tarehe. Ilikuwa sauti anayoitumia kunieleza bomba limeziba wapi.

"Mimi nilikuwa mbeba maji. Kamanda alikuwa mbele huko, mimi nyuma na madumu. Mgongo wake niliuona mara nyingi. Sahani moja hatukula. Siku moja, jua kali, nikaambiwa peleka maji kwenye hema la mwisho. Nikaingia, nikamkuta mtu peke yake, amekaa juu ya gunia, anavuta buti, halitoki. Miguu imevimba. Kuangalia vizuri, ni yeye. Akasema, 'Kijana, nivutie.' Nikavuta. Likatoka na ngozi. Hakupiga kelele. Akaniuliza, 'Umechoka?' Mimi kwa woga nikasema sijachoka, Kamanda. Akasema, 'Mwongo. Mimi nimechoka mpaka sijui kama nitasimama tena.'"

Hakuna aliyegusa chai.

"Akaniomba nimmwagie maji miguuni. Yalikuwa maji ya kunywa ya watu. Nikamwaga dumu zima. Akasema, 'Usimwambie mtu. Wakijua nimechoka, watakaa chini wote.' Nikasema sitasema. Akalala palepale juu ya gunia, mdomo wazi. Nikasimama mlangoni kumlinda, mimi na dumu tupu. Alipoamka akavaa buti zake, akatoka, akahutubia. Watu wakashangilia sana. Mimi nilisikia kwa mbali, nilikuwa nimerudi kisimani."

"Na baada ya hapo?" binti akauliza, sauti ya chini.

"Baada ya hapo nchi ikageuka, tukarudi makwetu. Watu wakaniuliza, ulimwona Kamanda? Nikasema nilimwona. Alikwambia nini? Sasa ningesema nini? Alinikataza. Nikasema kitu kingine. Wakafurahi. Kesho yake wakaja tena na wenzao." Akafuta uso kwa kiganja. "Kutunza neno moja, nimesema maneno mangapi. Yamenichosha kuliko madumu."

Mume wangu alikuwa amesimama. Alikuwa ameuelekea ule ukuta alioupaka rangi.

"Na lile la kukuita mdogo wangu?"

"Hapana."

"Na ule wimbo? Aliokufundisha. Uliokuwa ukinibembelezea."

Mzee akafikiri. "Ule niliutunga mwenyewe. Ulikuwa hulali."

Mume wangu akatoka nje. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililonitisha. Jirani naye akainuka kimyakimya akaenda zake, chujio kaliacha chini ya kiti. Nikajua ana mzigo mzito zaidi wa kubeba.

Binti akabaki anaangalia daftari lake. Nilidhani atafunga begi. Badala yake akajisugua macho, na nikaona kwamba na yeye ni mtu aliyetoka mbali na viatu vyake vimelika upande.

"Nimesoma vyote," akasema. "Nilianzia kwa yule wa udongo na mvua."

"Pole," nikasema kwa moyo wote.

"Hakuna hata mmoja anayetaja miguu yake." Akashika kalamu. "Baba, buti lipi lilitoka kwanza?"

"La kushoto," akasema mzee, bila kutafuta.

Akamuuliza mengine madogo. Gunia lilikuwa la nini, hema lilikuwa la rangi gani, aliamka mwenyewe au aliamshwa. Mengine mzee alijibu, mengine alisema "sijui", na kila aliposema "sijui" mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu anayetua mizigo mmojammoja. Daraja hawakuligusa tena. Binti alipiga mstari juu ya ukurasa ule, nikauona kwa macho yangu, nikashukuru kimoyomoyo kwa niaba ya wale wazee wawili ambao hawatajua kamwe waliponea wapi.

Nilipomsindikiza binti mpaka barabarani na kurudi, mzee alikuwa amelala kwenye kiti cha wageni. Kofia imeanguka. Mdomo wazi. Amevaa vile viatu vyake vya heshima, alivyovaa mara ya mwisho kwenye harusi yetu, vinavyomfinya ila hakubali kusema.

Mume wangu alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni. Koti ameshalivua. Alikuwa amesimama mbele ya baba yake anamwangalia, na mimi nikasimama pale nilipo, sikusogea, maana sikujua ni nini kinakuja na sikuwa na mzaha hata mmoja uliobaki.

Akapiga magoti. Akalegeza kamba za kiatu cha kushoto. Akavuta, hakikutoka. Akavuta tena taratibu, ameshika kisigino kwa mkono mwingine, mpaka kikatoka. Mguu ulikuwa umevimba, soksi imeacha alama ya mistari kwenye ngozi. Mzee akafumbua jicho moja.

"Umechoka, Baba?" mume wangu akauliza.

"Nimechoka," akasema mzee, akafumba tena.

Mume wangu akabaki ameushika ule mguu mapajani. Bila kugeuka akasema, "Mama watoto, niletee maji."

Nikaenda jikoni. Beseni lilikuwa limejaa vikombe vya wageni. Nikavitoa kimoja kimoja, taratibu, visigongane.